Shangazi, nikishika chaki nitakuwa nimelizika jukwaa?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 33. Tangu nikiwa na miaka 6 sijawahi kujiita kitu kingine zaidi ya mpiga piano. Nilisoma chuo cha muziki, nikaingia mashindano manne, moja nikafika fainali, na kwa miaka minane sasa nakula kwa vidole vyangu: leo onyesho la peke yangu, kesho na okestra ndogo, siku nyingi zaidi namsindikiza mwimbaji au mpiga fidla. Jina langu si kubwa, ila kalenda yangu haijawahi kukaa tupu.

Mwezi uliopita chuo kimoja cha muziki kiliniita kikanipa nafasi ya kudumu. Wanafunzi 14, kila mmoja saa moja na nusu kwa wiki, juu yake vikao vya kamati ya mitihani na usaili wa wanafunzi wapya. Mshahara unaeleweka, bima ipo, na nitapewa chumba changu chenye piano mbili. Wanataka jibu kabla mwezi huu haujaisha.

Nilimpigia simu mwalimu wangu wa zamani, yule aliyenilea kimuziki. Nilitegemea atafurahi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ukishika chaki, jukwaa umeshalizika. Nimewaona wengi." Maneno hayo hayanitoki kichwani.

Lakini kuna jambo sikumwambia yeye, na hata mume wangu halijui. Miezi saba iliyopita nilikuwa na onyesho la peke yangu. Nilifungua na sonata ya Mozart ya F meja, K. 332 (ndiyo namba yake katika orodha ya kazi zake), ambayo nimeipiga tangu nikiwa mtoto. Katika sehemu ya kwanza, pale mada zinaporudi na muziki unatakiwa ubaki F hadi mwisho, mikono yangu ilikata kona ileile ya mwanzo. Nikajikuta niko C meja. Hapakuwa na pa kwenda, nikapitia tena katikati yote, nikarudi kwenye mada ya kwanza, nikafika palepale, na mikono ikakata kona ileile mara ya pili. Safari hii niliruka tu. Niliangukia F, nikapiga maliziko, nikaweka mikono mapajani. Watu walipiga makofi. Nadhani wengi hawakujua. Ila kwenye safu ya tatu kulikuwa na mzee mmoja aliyeinua uso kutoka kwenye karatasi ya ratiba akanitazama, na bado namwona.

Tangu siku hiyo nimefuta maonyesho mawili nikisema nina mafua. Nikisindikiza waimbaji sina shida, maana noti ziko mbele yangu. Nikiwa peke yangu jukwaani, hata kwa kuwaza tu, viganja vinalowa.

Shangazi, nikubali kazi? Au mwalimu ananiona vizuri kuliko ninavyojiona, na mimi ni mkimbizi tu anayetafuta mlango wenye mshahara?

Ni mimi,
Niliyekata Kona


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako ina maswali mawili, na ulilolitanguliza ndilo jepesi. Tulimalize hilo kwanza.

Huyo mwalimu wako, siku alipokuwa akikufundisha yote uliyonayo, mshahara wake ulitoka wapi? Simdharau. Nadhani alikuwa akisimulia maisha yake mwenyewe huku akijidai anasimulia ya kwako. Walimu tunafanya hivyo mara nyingi kuliko tunavyokiri.

Hivi vyuo vya muziki vimejengwa na watu wa jukwaani. Chuo cha Leipzig kilianzishwa na Mendelssohn mwaka 1843, naye alikuwa bado anapiga, anatunga na kuongoza okestra. Kile cha St. Petersburg kilianzishwa mwaka 1862 na Anton Rubinstein, mpiga piano ambaye Ulaya nzima ilikuwa ikimlinganisha na Liszt, gwiji wa piano wa karne ile. Mpiga piano Clara Schumann alianza kufundisha katika chuo cha Hoch, Frankfurt, mwaka 1878, akiwa amekaa jukwaani miaka hamsini, na onyesho lake la mwisho mbele ya watu lilikuwa mwaka 1891. Hesabu mwenyewe: miaka 13 ya chaki na jukwaa kwa pamoja, tena kwa mama aliyekuwa akisumbuliwa na maumivu ya mikono.

Ninayempenda zaidi ni Rosina Lhévinne. Alihitimu chuo cha Moscow mwaka 1898 na medali ya dhahabu, akaolewa na mpiga piano mwenzake, Josef, na akaamua kukaa kivulini ili jina la mumewe ling'ae. Akafundisha. Mumewe alifariki mwaka 1944, yeye akaendelea kufundisha katika chuo cha Juilliard, New York, na mmoja wa vijana wake, Van Cliburn, akaenda Moscow mwaka 1958 na kushinda shindano la kwanza la Tchaikovsky. Mwaka 1963, bibi huyo akiwa na miaka 82, alitoka akapiga koncheto ya Chopin ya E maina, kazi ya piano na okestra, pamoja na okestra ya New York Philharmonic. Kwa hiyo ukiambiwa chaki ni kaburi, uliza kaburi gani hilo ambalo mtu hutoka na gauni la jioni.

Basi. Kama tatizo lingekuwa hilo tu, ningekuambia usaini mkataba leo.

Tatizo ni ile kona. Umeieleza kwa mistari michache halafu ukakimbilia kwenye mafua, nami nataka turudi palepale, kwa sababu naifahamu sonata hiyo na nina hakika najua mahali ulipopotelea. Baada ya mada ya kwanza, ile tulivu, inaingia dhoruba ya D maina. Mara ya kwanza inaanza hivyo. Mara ya pili, kwenye marejeo, inaanza hivyohivyo, mikono haioni tofauti yoyote. Kisha, bila kibao wala alama, njia zinaachana: ya kwanza inakushusha C meja, ya pili inatakiwa ikurudishe nyumbani F. Mozart hakukutega wewe peke yako. Sonata nyingi za zama zile zimejengwa hivyo, njia mbili zenye mlango mmoja.

Wewe ulimpa nani kazi ya kuchagua njia? Vidole. Umeipiga tangu utotoni, na muziki tuliojifunza utotoni hukaa vidoleni bila kupitia kichwani. Kumbukumbu ya vidole ni kama mtoto anayekariri shairi: mwache aende, ataenda mpaka mwisho, mkatize katikati, hajui alipokuwa. Na siku ya onyesho moyo ukidunda na mikono ikipoa, kumbukumbu hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka, au inabaki na kukupeleka ilikozoea zaidi. Umefanya mazoezi ya njia ya kwanza mara nyingi kuliko ya pili, kila mtu hufanya hivyo, maana tunaanza mwanzo na kuchoka kabla ya mwisho. Mikono yako ilifanya ilichofundishwa. Hapo hakuna uoga wala kipaji kilichokauka.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapotofautiana na mwalimu wako na wewe pia. Unaona ufundishaji kama mlango wa kutorokea. Mimi naona ndiyo dawa ya ugonjwa huohuo, ukiufanya macho yakiwa wazi. Utakuwa na mwanafunzi wa miaka 19 kwenye piano ya kushoto, wewe ya kulia, naye atafika kwenye dhoruba ile ya D maina na kukata kona yako. Utamwambia nini? "Rudia"? Itakubidi useme kwa maneno: hapa besi inakwenda wapi, noti ipi ndiyo ya kwanza kutofautiana, kwa nini Mozart ameongeza mizani kadhaa mara ya pili. Ukishawaeleza watatu wa namna hiyo, hutapotea hapo tena hata ukiamshwa usiku wa manane.

Mpiga piano Leon Fleisher alifundisha katika chuo cha muziki cha Peabody, Baltimore, tangu mwaka 1959. Katikati ya miaka ya 1960 vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe, ugonjwa ambao baadaye ulipata jina la distonia. Kwa miaka 30 hivi alipiga kazi za mkono wa kushoto, akaongoza okestra, na akafundisha. Kile ambacho zamani angekionyesha kwa mkono, ilimbidi akieleze. Katika miaka ya 1990, baada ya matibabu, alirudi kupiga kwa mikono miwili. Sikuambii kwamba kufundisha ndiko kulikomponya, ilikuwa sindano na kazi ya mikono ya wataalamu. Nasema tu kwamba muziki haukumtoka kwa miaka yote hiyo, na darasani ndiko alikoutunza.

Upo mfano mwingine, na huu nautoa kwa uangalifu. Carl Czerny, mwanafunzi wa Beethoven, alikuwa na uwezo wa jukwaa: mwaka 1812 ndiye aliyepiga koncheto ya tano ya Beethoven kwa mara ya kwanza mjini Vienna. Lakini hakulipenda jukwaa, akajifungia kufundisha kutwa nzima, na katika chumba chake wakapita Liszt na Leschetizky. Leschetizky akamfundisha Schnabel, Schnabel akamfundisha Fleisher huyohuyo niliyemtaja. Kwa hiyo hata anayelipa jukwaa kisogo hapotei. Ila Czerny alijijua, akachagua. Wewe hujaandika popote kwamba hulitaki jukwaa. Umeandika kwamba unaliogopa, na ukasema "bado namwona" juu ya mzee ambaye labda aliinua uso kwa sababu alikuwa amepotea kwenye ratiba.

Na mimi nina langu. Nilipoanza kufundisha, miaka mitano ya kwanza sikupiga mbele ya mtu. Nilikuwa na sababu nzuri kila muhula. Siku moja nilikuwa namkaripia binti kwa kuharakisha pale palipoandikwa apunguze mwendo, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, mara ya mwisho wewe kupiga jukwaani ilikuwa lini?" Hakuwa na ubaya. Alitaka kujua kama jambo ninalomdai linawezekana mbele za watu. Sikuwa na jibu, na yeye aliliona hilo kabla yangu. Wanafunzi wanaujua uoga wa mwalimu kwa kumsikiliza anachokisifia: mwalimu mwoga husifia usafi tu, hasifii kuthubutu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ikubali kazi, na kabla hujasaini weka tarehe moja ya onyesho kwenye kalenda, ndani ya muhula wa kwanza. Si ukumbi mkubwa. Chumba cha wanafunzi wako 14 kinatosha. Fungua na K. 332. Na noti ziwe mbele yako.

Najua umeshtuka hapo. Nani aliyekuambia kupiga bila noti ni amri? Clara Schumann alipokuwa msichana, miaka ya 1830, akapiga Beethoven kwa kichwa, kuna waliomwona ana majivuno. Yeye na Liszt ndio waliotuletea mtindo huu, na Clara mwenyewe uzeeni alikuwa akiihofia kumbukumbu yake. Mpiga piano Sviatoslav Richter, ambaye kichwani mwake mlijaa muziki usiohesabika, miaka yake ya mwisho alipiga akiwa na noti mbele yake, ukumbi gizani, taa ndogo ikimulika karatasi. Hakuna aliyerudishiwa pesa ya tiketi. Siku hizi wapo wanaoweka kishikwambi na kugeuza kurasa kwa pedali ya mguu, na hakuna anayeguna. Mashindano bado yanashikilia kumbukumbu, lakini wewe umeshavuka umri wa mashindano mengi, shukuru.

Noti zikiwa mbele, usizitegemee kama mkongojo. Fanya kazi ya kuijenga upya kumbukumbu, safari hii kuanzia kichwani. Gawa sehemu ya kwanza katika vituo, labda kumi na viwili, uvipe namba. Andika namba kwenye vipande vya karatasi, chomoa kimoja bila kuchagua, anzia hapo. Ukishaweza, anzia mwisho kwenda mwanzo: kituo cha 12, kisha 11, kisha 10. Piga mkono wa kushoto peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho; utashangaa ulivyokuwa huujui. Kisha ondoka kwenye piano kabisa, kaa kitini, uupitishe muziki akilini polepole ukitaja besi. Mahali utakapokwama ukiwa kitini ndipo utakapokwama jukwaani. Na ile kona, zipige njia zote mbili moja baada ya nyingine, ya C kisha ya F, ya F kisha ya C, mpaka mikono ielewe kwamba mlango ni mmoja lakini vyumba ni viwili.

Kuhusu viganja kulowa: wanamuziki wengi hutumia propranolol, dawa ya moyo inayopunguza mapigo na mtetemeko. Inatuliza mwili tu, kumbukumbu haiijengi, na kwa mwenye pumu inaweza kuwa ya hatari. Usipokee kidonge kutoka mkoba wa mwenzako nyuma ya pazia. Nenda kwa daktari, mweleze kazi yako, aamue yeye.

Sasa mkataba, maana hapo ndipo jukwaa linapozikwa kweli, kimyakimya, bila uoga wowote. Saa 21 za masomo ni nyingi. Si kwa miguu, ni kwa masikio: ukitoka kusikiliza wanafunzi watano mfululizo, kitu cha mwisho unachotaka ni sauti ya piano. Uliza kabla: vikao vya kamati na usaili vinahesabiwa ndani ya saa hizo au juu yake? Ukisafiri kwa onyesho, somo lililokosekana unalifidia ndani ya muda gani? Chuo kinahesabu maonyesho yako kuwa sehemu ya kazi? Vyuo vingi vinapenda mwalimu anayeonekana jukwaani, kwa kuwa wanafunzi wa piano huchagua mwalimu kabla ya kuchagua jengo. Tumia nguvu hiyo sasa wakati wanakuhitaji. Mwaka wa tatu hawatakuuliza. Majibu yaandikwe. Nilipata kuahidiwa mapumziko ya onyesho kwa mdomo na mkuu mmoja aliyestaafu miezi minne baadaye, na mrithi wake hakuwa na habari.

Mazoezi yako yatangulie mwanafunzi wa kwanza wa siku, hata kama ni dakika 90. Jioni hutapiga, usijidanganye. Na jambo dogo ambalo hakuna anayelisema: mwanafunzi akikuomba umwonyeshe kifungu cha oktavi za kasi, usikirushe ukiwa umekaa saa nzima bila kupiga. Mikono iliyopoa huumia kwa namna hiyo, na mwalimu huumia kwa kujionyesha kuliko kwa kufanya mazoezi. Mwambie asubiri, au mwonyeshe polepole. Polepole ndiko anakojifunza, hata hivyo.

Mafua yaishe. Waandaaji wanazungumza wao kwa wao, na mara ya tatu hutaitwa. Wapigie wale wawili, waambie unarudi na kwamba utapiga na noti. Mume wako naye mwambie leo, kabla hajalisoma hapa akaitambua kona yako.

Siku ya hilo onyesho la wanafunzi, mpelekee mwalimu wako wa zamani mwaliko. Mwekee kiti cha mbele, upande wa kushoto wa ukumbi, ambako mikono inaonekana.

Shangazi